Ziwa letu Victoria ni pana, ila maji yake sio mengi kihivyo

Shuleni wote tulikaririshwa kwamba maji yamefunika dunia asilimia 71 na nchi kavu 29, sawa, ila mgao wenyewe umekaa vibaya sana. Karibu theluthi mbili ya nchi kavu imerundikana kaskazini mwa ikweta, huku kusini kwetu sehemu kubwa ni bahari. Pasifiki peke yake inameza mabara yote na nafasi inabaki.

Na sio bahati nasibu. Mwamba wa mabara ni mwepesi na mnene kwahiyo unakaa juu, ule wa chini ya bahari ni mzito na mwembamba, umeshuka, ndo maji yakajaa huko. Wa Mwanza hata hamhitaji picha ya kitabuni, hayo mawe ya Bismarck na milimani kote ni granaiti, mwamba wa bara kabisa.

Sasa hapa ndo watu wanajichanganya. Mvuvi akiingia ndani ziwani haoni nchi kavu upande wowote, anaona maji hayaishi. Ni kweli Victoria ina kilomita za mraba kama 68,800, Afrika nzima hakuna ziwa linaloifikia, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, ni kama sinia! Tanganyika haifiki hata nusu ya upana huo ila kina kinafika mita 1,470, na ina maji karibu mara saba ya yetu. Alafu kumbuka zaidi ya asilimia 97 ya maji ya dunia ni ya chumvi, na yale matamu mengi ni barafu au yako chini ya ardhi, maziwa na mito yote wanagawana kidogo kilichobaki.

Huo usinia una madhara yake. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanarudi angani kama mvuke, kwahiyo mvua ikizidi miaka miwili mitatu ziwa linapanda na kwa vile kingo sehemu nyingi ni tambarare, maji yanatembea kwenda kwa watu. Mwaka 2020 yalifika pale yalipofika 1964 na kupita kidogo, 2024 yakapita tena. Sheria inasema shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni, na mita hizo pimeni kutoka maji yanapofika yakijaa, sio msimu wa kiangazi kama wengi mnavyofanya.