DCP ikigoma, mimi naanzia kwenye diski

Simu zenyewe hufanana: "Fundi, projekta yenu inaikataa filamu yangu, na kwenye laptop ilikuwa inacheza vizuri tu." Anayepiga ni mwongozaji au mhariri wake, na zimebaki saa mbili tatu watu waanze kuingia ukumbini. Huwa namwonea huruma kwa dhati, maana filamu hiyo imemla miaka. Ila kwa niliyoyaona, projekta ndiyo ya mwisho kushukiwa. Filamu nyingi zinazogoma hazijaifikia hata hiyo projekta. Zimekwama kwenye diski zilizokuja nazo.

DCP (Digital Cinema Package), yaani filamu iliyofungashwa kwa ajili ya kuchezwa sinema, ni folda. Ndani yake mna faili la picha na faili la sauti, yote mawili ya MXF, pamoja na mafaili madogo ya maandishi, ya XML: ASSETMAP inayoonyesha kila kitu kilipo, PKL ambayo ni kama hati ya mizigo, na CPL inayoiambia seva (kompyuta ya ukumbini inayocheza filamu) icheze nini na kwa mpangilio gani. Picha hubanwa kwa JPEG 2000, kila fremu peke yake, na kikomo ni megabiti 250 kwa sekunde. Piga hesabu: filamu ya dakika 90 inayogusa kikomo hicho ina karibu gigabaiti 169.

Kwa uzito huo, diski inakuwa na maana kubwa. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo picha haiingii. Mtu akishaligundua hilo hukimbilia exFAT. Laptop inaisoma bila taabu, lakini seva nyingi za sinema, hasa za zamani, haziioni kabisa. Unachomeka, unasubiri, hakuna kitu. Seva hizi kwa kawaida huendeshwa na Linux, na fomati isiyo na ubishi ni ext2 au ext3 yenye inode (rekodi za mafaili) za baiti 128, kwenye diski iliyogawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. NTFS nayo husomwa na seva nyingi, ila uliza kwanza. Na kama umenakili kwa Mac, tazama folda kwenye kompyuta nyingine: kuna vifaili vinavyojipenyeza, majina yake yanaanza na nukta na kistari cha chini. Kuna seva zinazovichukulia kama XML iliyoharibika, zikakataa folda nzima. Vifute.

Kosa jingine linaniuma kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Mhariri mmoja aliniletea DCP ambayo jana yake ilikubalika kwenye ukumbi mwingine, kwetu ikakataliwa. Kumbe usiku aliona jina la filamu limekosewa herufi moja, akafungua CPL, akasahihisha, akahifadhi. Sasa, PKL imeandika kwa kila faili alama ya uhakiki, inayokokotolewa kwa SHA-1 kutokana na kila kilichomo. Ukibadilisha herufi moja, alama inakuwa nyingine kabisa, na seva ina haki ya kusema hili silo faili nililoahidiwa. Usifungue XML kwa mkono, wala usibadilishe majina ya mafaili. Rudi kwenye programu iliyotengeneza DCP (DCP-o-matic ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri) urekebishe huko. Ujumbe huohuo wa alama kutolingana hutokea pia pale ambapo kunakili kuliharibika njiani, na hapo dawa ni kunakili upya kwa waya mwingine wa USB.

Ikishapakiwa na bado inasumbua, nina kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Picha ikikwama, irudishe nyuma uicheze tena. Ikikwama kwenye fremu ileile kila mara, tatizo liko kwenye faili: pengine sehemu hiyo imevuka kikomo cha megabiti au iliharibika wakati wa kubanwa. Ikikwama leo dakika ya 12 na kesho dakika ya 40, tatizo ni la mitambo, na mimi naenda kukagua diski za ndani za seva. Kwa rangi nafanya hivyohivyo. DCP hutumia rangi za XYZ, mfumo tofauti na ule wa RGB wa kompyuta; nyuso zikionekana za wagonjwa, nacheza trela yoyote kwa mpangilio uleule wa projekta. Trela ikiwa sawa, faili lako ndilo halikugeuzwa rangi, au limegeuzwa mara mbili.

Sauti inahitaji sikio. Kwenye DCP ya 5.1 mpangilio ni kushoto, kulia, katikati, besi, kisha spika za pembeni za kushoto na za kulia. Studio nyingine hutoa kushoto, katikati, kulia, pembeni mbili, na besi mwisho. Zikipangwa hivyo bila kugeuzwa, mazungumzo yanatokea spika ya kulia na sauti za pembeni ya kushoto zinazama kwenye besi. Seva haitalalamika hata kidogo, kwa sababu kwake kila kitu kimekamilika. Dakika tano za kusikiliza zinatosha kuligundua.

Manukuu yasipoonekana, angalia kama umeleta folda mbili. Toleo la manukuu, VF, mara nyingi lina megabaiti chache tu na huazima picha kutoka toleo mama, OV. Ukipakia VF peke yake, seva itasema haijakamilika.

Kisha kuna ufunguo, KDM. Filamu iliyofungwa kwa msimbo ili isichezwe bila ruhusa huhitaji ufunguo uliotengenezwa kwa ajili ya seva hiyo tu, wenye saa ya kuanza na ya kuisha. Huwezi kuihadaa seva kwa kurudisha saa yake: kanuni za DCI, umoja wa studio kubwa ulioweka viwango vya sinema za kidijitali, zinaruhusu marekebisho ya dakika sita tu kwa mwaka.

Onyesho letu moja lilikuwa saa mbili usiku. Mwenye filamu aliwaandikia watu wa Ulaya kwamba linaanza "saa 2 usiku", akiitafsiri kama tunavyosema. Wao wakasoma 02:00. Ufunguo ukaja ukiwa wa kuanza kazi saa nane za usiku, saa sita baada ya watazamaji wetu kukaa kwenye viti. Bahati ni kwamba KDM ni kifaili kidogo kinachopita kwa barua pepe. Tulipiga simu, tukaomba kipya, ukumbi mzima ukasubiri dakika 40 na hakuna aliyeondoka.

Siku hizi ombi la ufunguo naliandika mwenyewe, na saa naiweka hivi: 20:00, UTC+3. Na naomba uanze kufanya kazi tangu jana yake, ili niicheze filamu mchana ukumbi ukiwa mtupu.