Mandhari si "kijijini" tu

Nafundisha fasihi ya Kiswahili hapa Mtwara, na kuna jibu ninalokutana nalo kila nikisahihisha: "Mandhari ya hadithi hii ni kijijini." Nukta. Kama vile mandhari ni mahali tu, si wakati pia. Mwanafunzi kahamia swali linalofuata. Zamani nilikuwa natoa alama zote, maana hata mimi ndivyo nilivyofundishwa. Siku hizi naandika pembeni kwa kalamu nyekundu: lini?

Chukua hadithi niliyoitunga kwa ajili ya darasa. Bibi Somoe ana ekari tatu za mikorosho upande wa Newala. Shule zinafunguliwa, mjukuu wake hana sare wala daftari. Usiku anakuja kijana na pikipiki, taa kazima, anampa pesa mkononi. Korosho atazifuata zikishaanguka, na atazipima kwa bakuli lake mwenyewe. Huku kwetu hiyo ndiyo kangomba, hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Sasa tazama mwezi. Ni Julai. Mikorosho inachanua, watu wanapuliza salfa mpaka nguo zimegeuka manjano, na mfukoni hamna kitu. Ipeleke hadithi hiyohiyo Novemba: minada imeanza, malipo yanaingia, barabarani unaona bodaboda ambazo viti vyake bado vina nailoni ya dukani. Kijiji ni kilekile, miti ni ileile, ila Bibi Somoe wa Novemba hana haja ya kumfungulia mlango yule kijana. Hadithi hakuna tena.

Irudishe nyuma kwa miaka pia. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anapeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani na kumuuzia mtu pembeni ni kosa, ulianza kwenye korosho 2007. Mwishoni mwa miaka ya 1990 biashara ilikuwa huria, wanunuzi binafsi wakipita vijijini mchana kweupe. Weka hadithi yetu wakati huo, uone kama ile taa ina haja ya kuzimwa. Neno "kazima" limebeba sheria nzima, na msomaji asiyejua ni mwaka gani atalipita bila kulisikia.

Mandhari ikishaeleweka hivyo, mgogoro unajitokeza wenyewe. Wengi wataandika "mgogoro kati ya Somoe na kijana wa pikipiki". Jamani, hao wawili wamepatana! Mgogoro mzito umo ndani ya Somoe: anajua anapunjwa, na anapokea. Huo ndio mgogoro wa nafsi. Ndio pia unaomfanya awe mhusika duara, anayebadilika na kujipinga. Kijana wa pikipiki ni bapa, tangu mwanzo hadi mwisho ni yuleyule, na sioni ubaya wowote. Hadithi fupi haiwezi kubeba maduara matupu.

Sasa ile mada ya kuumiza vichwa, muundo na mtindo. Muundo ni mpangilio wa matukio. Ukianza na Julai ukaishia Novemba, umetumia muundo wa moja kwa moja, yaani msago. Ukianza siku ya mnada, Somoe kasimama nje ya ghala mikono mitupu, kisha ukaturudisha kwenye ule usiku, huo ni muundo rejea. Mtindo ni namna ya kusema: asimulie nani, kwa nafsi ipi, kwa masimulizi au kwa majibizano. Mjukuu akisimulia kwa "mimi" bila kuhamisha tukio hata moja, muundo umebaki palepale, kilichobadilika ni mtindo. (Dhamira na ujumbe nitaviandikia siku nyingine, kwa leo shika kwamba dhamira ni jambo linalozungumzwa, ujumbe ni funzo unaloondoka nalo.)

Juzi niliwapa darasa hadithi hii waianze upya. Msichana mmoja akaandika: "Sare yangu ilikuwa mpya kuliko kitu chochote nyumbani kwa bibi, na bibi hakupenda kuitazama." Nikamuuliza, hapo umebadilisha muundo au mtindo?

"Vyote, mwalimu."

Nikaurudia mstari wake mara mbili nikitafuta pa kumbishia.