Mzee Majuto, maiki na mhusika

Vijana wengi wanaokuja kwangu siku hizi kujifunza uigizaji wametokea kwenye maiki, yaani uchekeshaji wa kusimama jukwaani na kuzungumza na watazamaji. Wamekua wakitazama Cheka Tu ya Coy Mzungu na Churchill wa Kenya. Wanajua kusimama peke yao, kusimulia, kutupa panchi na kusubiri kicheko. Nikiwapa mhusika wa kucheza, wanakwama, kwa sababu wanaendelea kuwa wao wenyewe. Hapo huwa nawawekea filamu ya Mzee Majuto na kuzima sauti.

Mzee Majuto, mwigizaji wa vichekesho ambaye jina lake halisi ni Amri Athumani, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa mtoto, na hakuiacha kazi hiyo hadi maradhi yalipomlaza. Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018.

Bila sauti unaona vizuri alichokuwa anafanya. Anaingia sebuleni, anasimama, anawakagua waliokaa mmoja mmoja, na uso umeshakunjamana kabla hajaambiwa lolote. Tayari tunajua huyu mzee ni mbishi, ana mkono wa birika, na anaamini kila mtu anataka kumdhulumu. Tumeanza kucheka na bado hajafungua mdomo! Mchekeshaji wa maiki hutegemea maneno na mahali pa kuyakatiza. Mwigizaji wa mhusika huanza na shida: huyu mtu anataka nini, na nani anamzibia? Majuto hakuonekana hata mara moja kwamba anataka kutuchekesha. Alikuwa anataka hela yake, chakula chake na heshima yake. Ndiyo maana hata maneno aliyoyaokota papo hapo, nje ya skripti, yalimkaa yule mzee sawasawa.

Mtazame pia akiwa na mchekeshaji mwenzake Sharo Milionea, aliyetutoka kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Mzee wa Kitanga aliyejaa masharti, na sharobaro anayeringa hata akiwa hana kitu. Hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi kwa huruma. Kila mmoja aliuamini ulimwengu wake kabisa. Kwangu mimi, somo la kuchekesha wawili wawili linaanzia hapo.

Mhusika aliyependwa namna hiyo huwa mali, na wenye matangazo hulijua hilo mapema kuliko msanii. Mwaka 2018, Mzee akiwa mgonjwa, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Iliniuma sana kwamba suala hilo lilipata uzito mkubwa wakati yeye yuko kitandani.

Tangu hapo nafundisha mikataba katika darasa lile lile la uigizaji. Kijana akiletewa karatasi ya tangazo, namtaka aulize kwanza litarushwa kwa muda gani, kwenye vyombo gani, likirudiwa analipwa kiasi gani, na kama sura na sauti ya mhusika wake vinaweza kutumika kwenye kazi nyingine bila yeye kuitwa. Asipojibiwa kwa maandishi, asisaini.