Mittah: kitanda cha Kiebrania na mambo kinayosingiziwa

Siku hizi mtu hufungua Biblia kwenye simu, akagusa neno, na papo hapo akaletewa neno la Kiebrania pamoja na mzizi wake. Ni msaada mkubwa. Lakini mara nyingi mzizi huo hugeuzwa fundisho kabla mstari wenyewe haujasomwa hadi mwisho, na mittah, yaani kitanda, ni miongoni mwa maneno yaliyotwishwa mzigo kwa namna hiyo. Haya hapa ni madai ninayokutana nayo mara kwa mara, pamoja na yale maandiko yenyewe yanayoonyesha.

"Kiebrania kina neno moja la kitanda, na siri yake imo kwenye mzizi."

Maneno ni kadhaa. Katika Biblia ya Kiebrania mittah linatokea mara 29, mishkav mara 46 na eres mara 10, ukiacha mengine ya nadra kama yatsua. Mittah ni kitanda chenyewe, samani ambayo mtu huipanda. Ndiyo maana mfalme Ahazia, alipokuwa mgonjwa, aliambiwa kwamba kitanda alichokipanda hatashuka tena (2 Wafalme 1:4). Mishkav linatokana na shakav, kulala, kwa hiyo ni malalo: mahali pa kulala, na pengine tendo lenyewe la kulala. Kutoka 8:3 inayaweka yote mawili pamoja, vyura wakiingia katika chumba cha malalo ya Farao na kupanda hadi juu ya kitanda chake. Eres hupatikana zaidi katika mashairi na maneno ya manabii, na lina ndugu zake katika Kiakadi na Kiugariti, lugha za kale za Mashariki ya Kati.

Kuhusu mzizi: mittah linatokana na natah, kunyoosha, kutandaza, kuinamisha. Msomaji wa Kiswahili hapati shida hapo, maana kitanda chetu nacho kimetokana na kutanda. Kitenzi hicho hicho kinatumika katika Isaya 40:22 kwa Mungu anayezitandaza mbingu. Basi wapo wanaofundisha kwamba kila kitanda katika Biblia kinabeba wazo la mbingu zilizotandazwa, au la Mungu kumwinamia mnyonge. Sikubaliani nao. Mswahili akisema kitanda hawazi wingu lililotanda; anawaza matendegu, mifumbati na godoro. Mwebrania naye aliposema mittah alikuwa anazungumzia kitanda. Kama mstari una jambo zaidi ya hapo, litaonekana kwenye mstari.

"Mittah maana yake ni mauti."

Kosa hili limetokana na matamshi. Katika Kiebrania cha leo neno la kitanda na neno la kifo yanasikika sawasawa, mita. Yakiandikwa yanaachana: kitanda kina herufi tet, kifo kina herufi tav. Neno la kifo linatoka katika mzizi ule ule uliotuletea maiti na mauti kwa njia ya Kiarabu. Kwa asili hayana undugu hata kidogo.

Hata hivyo kitanda na kifo vinakutana kweli katika Biblia, ila kwa matumizi, si kwa sauti. Abneri alipozikwa Hebroni, mfalme Daudi aliifuata mittah (2 Samweli 3:31), na watafsiri wengi hapo husema jeneza. Anayelijua tusi la pwani, lile linalobebwa mabegani hadi makaburini na kurudishwa tupu, ataiona picha hiyo mara moja. Mishkav nalo lilifika kaburini. Mfalme Asa alilazwa katika malalo yaliyojazwa manukato (2 Mambo ya Nyakati 16:14), na Isaya 57:2 inasema wenye haki hupumzika katika malalo yao. Wala si Waebrania peke yao. Jeneza la mawe la Eshmunazar, mfalme wa Sidoni, lililopatikana mwaka 1855 na ambalo sasa liko Louvre, Paris, lina maandishi ya Kifoinike, lugha iliyo jirani kabisa na Kiebrania. Humo mfalme anamlaani yeyote atakayelifungua: asiwe na malalo pamoja na mizimu ya waliotangulia. Neno alilotumia ni lile lile, mishkav kwa matamshi ya kwao.

"Mishkav ndiyo mishkan, kwa hiyo kitanda ni hema la Mungu."

Hapana. Mishkan, ile hema ya jangwani, inatoka katika shakan, kukaa, na ndugu yake kwetu ni maskani. Herufi ya mwisho ya mzizi ni tofauti, na maana ni tofauti.

"Biblia inajipinga: Yakobo aliinama kitandani au aliegemea fimbo?"

Hili linastahili muda, kwa sababu anayeuliza ameona jambo la kweli. Mwanzo 47:31 inasema kwamba Israeli, baada ya Yusufu kumwapia kuwa hatamzika Misri, aliinama kwenye mchago wa kitanda. Waebrania 11:21, ikizungumzia kufa kwa Yakobo huyo huyo, inasema aliabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti. Herufi tatu, mem, tet na he, zinaweza kusomwa mittah, kitanda, au matteh, fimbo. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki huko Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walisoma fimbo. Mwandishi wa Waebrania aliitumia tafsiri hiyo ya Kigiriki. Wamasora, wale wanazuoni wa Tiberia walioweka alama za irabu karne nyingi baadaye, walihifadhi usomaji wa kitanda, na huo ndio uliopita katika tafsiri nyingi za Agano la Kale. Hakuna aliyedanganya; kila upande umesoma herufi zile zile tatu.

Usomaji upi una nguvu zaidi? Wanaotetea fimbo husema kwamba habari za ugonjwa wa Yakobo zinamfikia Yusufu katika sura ya 48, kwa hiyo mzee alikuwa bado hajalala kitandani. Ni hoja nzuri. Mimi naegemea kitanda kwa sababu mbili. Kwanza, neno linarudi mara mbili baada ya hapo bila utata wowote: katika 48:2 Yakobo anajitia nguvu na kuketi kitandani, na katika 49:33 anaikunja miguu yake kitandani na kukata roho. Pili, Daudi alipokuwa mzee na kupata habari kwamba Sulemani ameketi katika kiti cha enzi, naye aliinama juu ya malalo yake (1 Wafalme 1:47), kwa kitenzi kile kile cha kusujudu. Mzee asiyeweza tena kushuka sakafuni anasujudu pale alipo.

Wafasiri wa Kiyahudi waliona zaidi katika mchago huo. Rashi, mfasiri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anakumbusha fundisho la wahenga wake kwamba utukufu wa Mungu hukaa juu ya kichwa cha mgonjwa. Ndiyo maana Yakobo aligeukia upande wa kichwani. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga hao wa Kiyahudi, inalitoa fundisho hilo katika Zaburi 41:3, inayosema Bwana humtegemeza mgonjwa kitandani, na kwa sababu hiyo inamtaka anayekwenda kumtazama mgonjwa asikae juu ya kitanda chake. Rashi anaongeza maelezo ya pili: kitanda cha Yakobo kilikuwa kamili, yaani katika uzao wake hapakuwa na mwovu. Hapa kitanda kimekuwa alama ya uzao, na alama hiyo ina mwenyewe na ina historia. Tukiitumia, tuseme tumeipata kwa wafasiri wa Kiyahudi, tusidai kwamba imefichwa ndani ya herufi.

"Kitanda katika Biblia ni alama ya ndoa, au ya zinaa."

Kwa mishkav kuna sababu ya kusema hivyo. Rubeni analaumiwa kwa kupanda malalo ya baba yake (Mwanzo 49:4), na sheria ya kulala na mwanamke au mwanamume inatumia neno hilo (Walawi 18:22, Hesabu 31:18). Mittah ni habari nyingine. Ipo ile ya Sulemani iliyozungukwa na mashujaa 60 (Wimbo Ulio Bora 3:7), na ipo ya Ezekieli 23:41. Lakini tembea katika mistari mingine. Ahabu anajilaza na kuugeuza uso wake, hataki chakula, kwa sababu amenyimwa shamba la mizabibu. Sauli huko Endori, baada ya kuanguka kwa hofu na njaa, ananyanyuliwa na kuketi kitandani ili alishwe. Mikali anaweka kinyago kitandani ili Daudi apate kutoroka. Mvivu anajigeuza kitandani kama mlango katika bawaba zake. Katika ikulu ya Shushani vitanda vya dhahabu na fedha ni vya karamu, watu hujinyoosha juu yake wakinywa. Katika Zaburi 6:6 mwenye huzuni anakieleza kitanda chake kikielea kwa machozi.

Halafu kuna kitanda cha Shunemu, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Mwanamke mwenye mali anamwambia mumewe wamjengee Elisha chumba kidogo darini na kumwekea kitanda, meza, kiti na taa (2 Wafalme 4:10). Maskini wa wakati ule alilala chini akijifunika vazi lake. Ndiyo maana Kutoka 22:26 na 27 inaamuru vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua. Kumpa mgeni kitanda kulikuwa ukarimu mkubwa. Na mtoto wa mama huyo alipokufa, hakumlaza chumbani mwake. Alimpeleka juu, akamlaza katika kitanda kile cha nabii, akafunga mlango, akatoka kumtafuta Elisha. Hapa huhitaji kamusi ya mizizi ili uione imani yake.

"Ogu alikuwa na urefu wa mita nne, kitanda chake kinathibitisha."

Kumbukumbu la Torati 3:11 inasema Ogu wa Bashani alikuwa na eres ya chuma yenye urefu wa mikono 9 na upana wa mikono 4, iliyokuwa Raba ya Waamoni, mji ambao leo ni Amman. Hiyo ni kama mita 4 kwa mita 1.8. Wataalamu wengine hufikiri ni jeneza la jiwe jeusi la volkeno, linalopatikana kwa wingi Bashani na lenye chuma ndani yake. Wengine husema ni kitanda cha mti kilichopambwa kwa chuma, na wana mfano wa karibu: Amosi 6:4 inawakemea wanaolala juu ya vitanda vya pembe, nao wachimbaji wa Samaria, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walifukua vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ajili ya kupamba samani. Kitanda cha pembe kilikuwa cha mti chenye mapambo ya pembe, na cha chuma kingeweza kuwa hivyo hivyo.

Mstari unasema pia kwamba Ogu ndiye aliyesalia katika Warefai, watu wanaotajwa kama majitu, kwa hiyo mwandishi anataka tuone ukubwa. Vipimo alivyotoa ni vya kitanda. Urefu wa Ogu hakuutaja.