Katarina wa Mechelen: namna ya kuisoma sanamu ndogo ya shahidi

Ni sanamu ya mbao yenye urefu wa sentimita 35 hivi. Msichana mwenye paji pana na kidevu kidogo amevaa gauni la mikunjo mizito, lililofunikwa dhahabu. Anatabasamu. Hana jeraha wala tone la damu, ingawa anayeonyeshwa ni Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, shahidi aliyekatwa kichwa.

Sanamu za aina hii zilichongwa Mechelen, katika Ubelgiji ya leo, takriban kati ya 1500 na 1540, sanaa ya Gothiki, mtindo wa Ulaya wa mwisho wa zama za kati, ilipokuwa ukingoni. Wateja hawakukosekana: Margaret wa Austria, aliyetawala Nchi za Chini (takriban Ubelgiji na Uholanzi za leo) kwa niaba ya ukoo wa Habsburg, aliishi mjini humo tangu 1507. Mafundi walizitoa kwa wingi, mara nyingi kwa mbao za mjozi, na nyuso zikafanana kama za ndugu wa tumbo moja. Kwa sura tu, Katarina na Mtakatifu Barbara, shahidi mwenzake, hutawatofautisha.

Kwa hiyo uso uache kwanza, utazame mikono na miguu. Barbara huwa na mnara, ule ambamo baba yake alimfungia; madirisha yake matatu ni ishara ya Utatu Mtakatifu. Katarina ana upanga na gurudumu lililovunjika, na chini ya vazi lake amelala mwanamume mdogo mwenye taji. Huyo ni Kaisari Maxentius wa Roma, mtesi wake. Simulizi husema binti huyo aliwashinda wanafalsafa hamsini kwa hoja, kisha gurudumu la miiba lililoandaliwa kumtesa likapasuka, ndipo akauawa kwa upanga. Wanahistoria wengi wana shaka kama aliwahi kuishi. Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya jumla mwaka 1969, likairudisha 2002, tarehe 25 Novemba. Wanunuzi wa Mechelen hawakuwa na shaka hiyo.

Upanga, kwa wembamba wake, ni rahisi kuvunjika. Ukishapotea, sanamu huishia kuandikwa "mtakatifu asiyetambulika". Mtafute basi yule kaisari miguuni. Kwa kawaida amechongwa katika gogo lilelile, hivyo hang'oki kirahisi.

Kuna pia alama za ukaguzi. Mistari mitatu ya wima, kutoka nembo ya mji, iligongwa kwenye mbao kuthibitisha kazi ya mchongaji. Herufi M iligongwa juu ya dhahabu kuthibitisha kazi ya mpakaji wa rangi na dhahabu, kwa kuwa hao walikuwa mafundi wawili tofauti. Mpakaji alianza na chaki iliyochanganywa na gundi ya wanyama, akaweka udongo laini mwekundu, akabandika dhahabu nyembamba na kuisugua kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Katika karne ya 19 wapenzi wengi wa sanaa walipendelea mbao tupu, na sanamu nyingi za Gothiki zikakwanguliwa rangi. Rangi ya kahawia tunayoisifu leo mara nyingi ni ya sanamu iliyochunwa ngozi, na M nayo imekwenda.

Na lile tabasamu? Jibu lipo katika makumbusho ya Hof van Busleyden, mjini Mechelen, kunakohifadhiwa makabati saba yaitwayo "bustani zilizozingirwa", mali ya kale ya watawa wauguzi wa mji huo. Ndani yake sanamu hizi zimesimama katikati ya maua ya hariri, medali za nta na vipande vya mifupa ya watakatifu vilivyofungwa kwa kitambaa. Bustani hiyo ni paradiso. Shahidi anaonyeshwa akiwa ameshafika. Mateso yamebaki kuwa kitambulisho chake tu.

Anayemiliki sanamu ya mbao ya kale yenye rangi asiifute kwa maji, kwa sababu gundi iliyo chini ya dhahabu huyeyuka. Asiipake rangi upya pia. Aipige picha pande zote, pamoja na mgongo na kitako, kisha ampelekee mtaalamu wa uhifadhi picha hizo kabla ya kuigusa kwa kitambaa.