Je, wajua kwa nini chura anapigwa nusu kaputi kwa kuogeshwa tu?

Sisi tukienda operesheni tunachomwa sindano au tunavalishwa maski ya gesi, lakini chura wa maabara anayetakiwa kupigwa picha za moyo anawekwa tu kwenye beseni la maji yenye dawa, baada ya dakika kadhaa kalala fofofo. Siri iko kwenye ngozi. Chura anapumua kwa mapafu na pia kwa ngozi, na ngozi yake ni nyembamba inapitisha maji na hewa, kwa hiyo dawa iliyoyeyuka inapenya yenyewe mpaka kwenye damu bila mtu kumchoma popote. Na hata akiacha kupumua kwa mapafu akiwa kwenye ganzi, oksijeni bado inaingia kupitia ngozi, ilimradi usiiache ikauke.

Dawa inayotumika sana ni MS-222, unga mweupe ambao hata wataalamu wa samaki wanaujua. Inaziba vijilango vya sodiamu kwenye neva (mianya midogo ambayo chembe za sodiamu hupita kuendesha ujumbe), hapo ujumbe wa maumivu haupiti. Ila ukiichanganya na maji matupu inakuwa tindikali, inamuwasha chura na hata kuingia mwilini inasuasua, ndo maana watafiti wanatia bikaboneti ya sodiamu mpaka pH, yaani kipimo cha utindikali, irudi kwenye 7 hivi. Xenopus aliyekomaa, yule chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguu ya nyuma, anawekewa kama gramu 1 mpaka 2 kwa lita moja ya maji, kiluwiluwi wake gramu 0.2 hivi inamtosha. (Ndugu yake Xenopus victorianus yupo huku kwetu ukanda wa Ziwa Victoria.)

Sasa utauliza, kama neva zimezimwa moyo unadundaje? Moyo wa chura una betri yake humo humo ndani, seli zinazoanzisha pigo zenyewe bila kungoja ubongo, hata ukitolewa mwilini ukawekwa kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa vizuri unaendelea kudunda tu. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi kule Graz, Austria, alitumia mioyo ya chura ya namna hiyo: akasisimua neva ya moyo mmoja mpaka ukapunguza mwendo, akachukua maji yake akayatia kwenye moyo wa pili, na wenyewe ukapunguza! Ndo ikajulikana neva zinaongea kwa kemikali, na mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na mwanasayansi mwingine, Henry Dale.

Lakini hapa kuna mtego, na kwangu mimi ndo utamu wa habari yote. Seli za moyo nazo zina vijilango vya sodiamu, kwa hiyo dawa ikizidi inaugusa moyo wenyewe unaotaka kuupima, mapigo yanapungua halafu wewe unadhani umegundua ugonjwa kumbe umegundua dawa yako. Na ukipunguza sana dawa, kiluwiluwi anatikisika, kamoyo kenyewe hakafiki hata milimita moja, picha yote inakuwa ukungu. Kwa hiyo wanatafuta kipimo kidogo kabisa kinachotuliza, wanapima wote kwa dawa ile ile, muda ule ule, joto lile lile. Joto si mchezo, maana chura hana joto lake mwenyewe, maji yakipoa moyo nao unapoa mwendo, ndo moja ya sababu kumlaza kwenye barafu tu hakufai, na isitoshe baridi haikuhakikishii kwamba haumii.

Kujua kama kalala kweli wanamgeuza chali waone kama atajigeuza, wanambana kidole cha mguu, wanaangalia koo kama bado linacheza. Picha zikiisha anasuuzwa kwa maji safi na kuachwa pua ikiwa juu ya maji, kwa sababu Xenopus aliyelewa dawa ukimtupa kwenye maji ya kina anaweza kuzama akafa, ndiyo, chura.