Kukataa agizo si kukosa adabu

Mtoto anatumwa sigara dukani na mjomba wake. Anajibu, "Samahani mjomba, mama amenikataza." Papo hapo analaumiwa: huyu hana heshima! Kwa kweli alichokosa hapo ni utii, tena kwa mjomba tu. Amemtii mama yake barabara.

Maneno haya mawili, heshima na utii, yote yana asili ya Kiarabu, na tumezoea kuyachanganya kama sukari na chai. Lakini tazama yanavyonyambulika. Tunasema kujiheshimu, tunasema kuheshimiana. Je, umewahi kusikia mtu "akijitii", au mke na mume "wakitiiana"? Utii una mwenye amri na mwenye kuamriwa. Heshima huenda pande zote, hata kwa mtoto mchanga asiyeweza kuamuru lolote, hata kwa maiti.

Halafu kuna kutiisha, yaani kumfanya mtu atii, kwa nguvu ikibidi. Polisi Tanzania walipohimiza "utii wa sheria bila shuruti", walikiri kwamba utii wa shuruti nao upo. Fimbo inaweza kuuleta. Heshima ya fimbo kwa kawaida ni woga tu, na mzee akishapita kona utasikia anavyosemwa.

Wengine watauliza: na shikamoo je? Ni salamu ya kutambua umri. Anayeitikia marahaba hajapewa hati ya kumtuma aliyemwamkia atakalo. Mimi huwaamkia majirani wote wazee mtaani kwetu, na bado wakiniomba niwapigie kura watu wao, nacheka tu.